Heko, Kifauongo

Mnazi umesifiwa mpaka umechoka kusifiwa. Mkarafuu una watetezi wake, mwembe una wake, na hata mpapai, usio na kivuli wala mbao, haukosi wa kuusemea neno jema. Mimi leo nimesimama kukisemea kisichowahi kualikwa popote, kisichopambwa kwenye jukwaa la mgeni rasmi wala kuwekwa kwenye chungu mlangoni pa ofisi ya mkubwa: kifauongo. Msomaji anakijua. Ni kile kigugu chenye miiba na viua vya duara vya rangi ya waridi, kinachotambaa kando ya reli, chini ya minazi na kwenye kila kiwanja cha mpira kilichosahauliwa kufyekwa. Ukikigusa kinajikunja, kinalegea, kinainamisha shingo, na kwa dakika kumi au zaidi unatazama maiti. Ukigeuza kisogo, maiti anaamka na kuendelea na shughuli zake.

Mashtaka dhidi yake nayajua. Mpalilia muhogo atakuonyesha viganja. Mtoto anayekwenda chuoni peku atakuonyesha nyayo. Wanaookota karafuu zilizodondoka chini ya mikarafuu hawana haja ya kuonyesha kitu. Taja jina tu, utasikia sonyo. Mnyama akikila kwa wingi nywele humtoka, kwa sababu kina mimosini, sumu ileile iliyomo kwenye majani ya mlusina. Na fyekeo, loo! Fyekeo linapita juu, chenyewe kimelala chini, na mvua moja ikinyesha kimerudi na matawi mawili pale palipokuwa na moja. Sikani hata shtaka moja. Ninachosema ni kwamba mshtakiwa ana sifa, na iliyo kubwa kuliko zote ni woga.

Wahenga walilijua hili. Walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nasi tukakariri darasani, tukajibia mtihani, kisha tukaenda kujenga sanamu za mashujaa peke yao. Tazama mambo yalivyo msituni. Mvule ulisimama imara, haukumwogopa mtu. Leo ni mlango wa mwenye nyumba. Mninga ulikaza moyo ukawa kitanda. Mpingo, uliotia butu mashoka ya watu, unasafirishwa ng'ambo ukachongwe klarineti, upulizwe na watu usiowajua. Lakini nani amewahi kulalia kitanda cha kifauongo? Ni lini mlisikia lori limekamatwa usiku wa manane, limefunikwa turubai, limejaa magogo ya kifauongo? Waoga wetu wako palepale, wanachanua.

Tena usidhani woga ni jambo la kukurupuka. Una ufundi wake, na kuuona inabidi uiname. Chagua jani moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kikonyo chake, chekundu kidogo, kinabeba mwishoni vijitawi viwili au vinne vilivyotanuliwa, na kila kijitawi kimepangwa vijani viwili viwili, jozi kumi, kumi na tano, ishirini. Gusa jozi ya mwisho kabisa kwa ncha ya kidole. Inafumba. Inafumba na ya pili yake, na ya tatu, kila jozi ikimpasha habari jirani, mpaka shtuko linafika penye maungio. Hapo linasita. Halafu linaingia kwenye vijitawi vya pili, safari hii likitokea ndani kwenda nje, jozi kwa jozi, hadi vyote vimefumba. Mwisho kikonyo chenyewe kinaanguka. Shughuli yote imekwisha kwa sekunde chache, na mahali palipokuwa na kijani kibichi pamebaki vijiti na miiba. Hiyo ndiyo adabu ya nyumba ile: chakula kimeondolewa mezani, mgeni amebakiziwa miiba.

Hakuna msuli humo ndani. Kwenye kila ungio kuna kifundo chenye seli zilizojaa maji pomoni. Shtuko likifika, umeme mdogo unapita, seli za upande mmoja zinatema potasiamu na kloridi, maji yanazifuata nje, upande huo unanywea na jani linaanguka. Kuanguka ni rahisi. Kuinuka ndiko kunakogharimu, maana kila kilichotemwa lazima kirudishwe kidogo kidogo mpaka seli zivimbe tena, na muda wote huo jani lililofumba linapata jua kidogo kuliko lilivyozoea. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kifauongo ni kivivu. Kufa kwake ni kazi ya kutwa, na usiku kinafumba kwa zamu nyingine kabisa, bila kuguswa na mtu.

Mwaka 2022 watafiti wa Japani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Saitama, walichapisha jambo ambalo naliona la kikatili lakini limetusaidia sana sisi mawakili. Walizalisha vifauongo visivyoweza kujikunja, yaani vifauongo mashujaa, wakaviweka mbele ya panzi pamoja na vile vya kawaida. Panzi wakawala mashujaa zaidi. Katika kazi hiyohiyo walionyesha kalsiamu ikikimbia ndani ya jani, ikitangulia mbele ya jozi zinazofumba. Mbiu ya mgambo ikilia kabla watu hawajafunga milango. Wahenga hawakuhitaji maabara, lakini si vibaya kuungwa mkono.

Basi mtu mwenye busara atataka kukipanda kwa mkono wake, na hapo ndipo atakapojua kwamba kifauongo kina makuu. Shambani, ambako hakuna anayekitaka, shina moja linatoa mamia ya mbegu kwa mwaka na zinaota hata kwenye ufa wa saruji. Mbegu hizohizo zitie kwenye kopo, zimwagilie, zibembeleze, ziite kwa majina: zitakutazama tu. Mchicha huwa hauna nyodo hizi. Hata mwanamke aliyelelewa kwa bibi, akachumbiwa na watu watatu, hukubali upesi kuliko mbegu ya kifauongo iliyowekwa kwenye udongo mzuri.

Nilipokwenda Muheza kuomba kuvuna mbegu uani kwa bibi mmoja, shikamoo yangu aliiitikia vizuri, lakini aliposikia shida yangu nadhani alitamani kuirudisha.

"Mjukuu wangu, unataka mbegu za hayo ukapande?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa hiari yako?"

"Ndiyo, bibi."

Akamwita binti wa nyumba ya pili aje naye asikie.

Mbegu zenyewe zimo kwenye viganda vifupi, visivyozidi sentimita mbili, vilivyobanana kwenye shada moja pale ua lilipokuwa. Kila kiganda kina nywele ngumu pembezoni. Kikikauka hukatika vipande vipande, kila kipande na mbegu yake, na kubaki kingo tupu zikining'inia. Nywele hizo zinashika manyoya ya mbuzi, soksi za mwanafunzi, pindo la kanga, kitambaa cha suruali ya afisa aliyekuja kukagua shamba. Asili ya mmea huu ni Amerika ya joto, huko Brazil na visiwa vya Karibi, na leo umeenea karibu nchi zote za joto, kuanzia kwetu hadi Indonesia na visiwa vya Pasifiki. Hakuna jahazi wala meli inayokiri kuuleta. Msafiri huyu hajawahi kulipa nauli.

Ukishapata mbegu, bapa, za kahawia, upana wa milimita tatu hivi, utaona kwa nini zina kiburi. Ganda lake halipitishi maji. Mvua inapita, nalo limefunga. Mvua ya pili inapita, nalo limefunga. Mbegu inaweza kungoja ardhini miaka, ikichagua siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo lazima umtafute fundi seremala akupe kipande cha msasa laini, ule wa kumalizia. Sugua ubavu wa mbegu mpaka rangi yake ipauke kidogo, usifike ndani. Kama huna subira ya kusugua kitu kinachokuponyoka kila mara na kudondokea kwenye mkeka, chemsha maji, yaepue, yaache yatulie kidogo, zimwagie mbegu na uziache zilale humo mpaka asubuhi. Zilizovimba ndizo zilizokubali. Zilizobaki ngumu zirudie, au zitupe nje, na hapo ndipo zitakapoota.

Kopo lolote linafaa, mradi ulitoboe chini. Mchanga na mboji nusu kwa nusu, mbegu ifukiwe nusu sentimita, joto la nyuzi 25 hadi 30, ambalo Tanga tunagawiwa bure. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Baada ya wiki moja, mbili, wakati mwingine tatu, vinachomoza vijani viwili vinene vya mviringo ambavyo havina la maana la kusema. Subiri. Linalofuata ndilo jani la kweli, dogo, lenye vijijani vya kuhesabika, na hilo, siku ileile linapotanuka, ukiligusa linakufa. Halikufundishwa na mtu. Halijawahi kumwona mbuzi wala panzi wala mtoto wa kiume mwenye kijiti. Limezaliwa barazani, ndani ya kopo la maziwa, na tayari linajua kwamba dunia si ya kuaminiwa.

Ukitaka kuuhamisha mche, jiandae. Mwaka 2016 wanasayansi wa Marekani waliandika kwamba mizizi ya mche mchanga wa kifauongo ikiguswa kwa ngozi ya binadamu hutoa harufu mbaya ya salfa, lakini ikiguswa kwa kipande cha kioo hainuki. Yaani kinamtambua mtu. Juu kinajifanya maiti, chini kinachafua hewa: ushahidi wa msiba umekamilika, na mwenye kutilia shaka aje anuse.

Kwenye mizizi hiyohiyo baadaye kitajenga vinundu na kupangisha bakteria, kama ndugu zake wa jamii ya kunde wafanyavyo. Wapangaji wanalipa kodi kwa naitrojeni wanayoivuta hewani, mwenye nyumba anawapa sukari. Ndiyo maana hata kwenye udongo uliochoka, ambao mahindi yameusalimia na kuondoka, kifauongo kinanawiri. Anayekilaumu kwamba kinaharibu shamba ajiulize kwanza shamba lilikuwa na hali gani kilipofika.

Sasa niwaite mashahidi, maana najua wapo watakaosema hizi ni sifa za mtu mmoja wa Tanga aliyekosa kazi ya kufanya. Robert Hooke, katika kitabu chake cha hadubini kilichotoka London mwaka 1665, alikitengea nafasi humo. Linnaeus wa Uswidi alikipa jina la kisayansi kinalotumia mpaka sasa mwaka 1753. Wangapi kati ya tunaokikanyaga tuna cheti cha zamani hivyo? Claude Bernard, Mfaransa, alikifunika kwa kengele ya kioo pamoja na etha, dawa ya usingizi ya hospitali za siku zile, kikaacha kujikunja hata kikiguswa. Etha ilipoondolewa fahamu zikarudi. Kimetiwa ganzi kabla ya wengi wa mababu zetu kuiona hospitali.

Mwaka 1729 Mfaransa mwingine, de Mairan, alikifungia gizani. Wakati huo watu waliamini kwamba majani hufumbua kwa sababu jua limetoka. De Mairan akachungulia: gizani mle, bila kuona jua, mmea ulikuwa ukifumbua mchana na kufumba usiku, saa zake zilezile. Ndipo ilipoanza elimu ya saa iliyomo ndani ya viumbe, ile inayotuamsha alfajiri hata bila mwadhini. Mwaka 2017 Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuifafanua saa hiyo. Wao waliifafanua kwa kuchunguza inzi. Mmea wa de Mairan ulitajwa katika maelezo ya tuzo. Fedha haukupewa, na kwa unyenyekevu wake haukudai.

Shahidi ninayempenda zaidi ni Jagadish Chandra Bose. Alikuwa mwalimu wa fizikia Calcutta, katika enzi ambayo Mhindi kusema jambo jipya mbele ya mabwana wa Ulaya ilikuwa ni kujitafutia maneno. Alibuni mashine nyepesi mno za kuandika mwendo wa jani kwenye kioo kilichopakwa masizi, akakipa kifauongo joto, baridi, umeme na sumu, akapima kinachelewa kwa muda gani kabla ya kuanguka na kinachoka lini. Akasema kwamba habari inayosafiri ndani ya mmea husafiri kwa umeme, na kwamba mmea una kitu kinachofanya kazi ya mishipa ya fahamu. Wengi walimbeza. Yeye akaendelea kupima, mwaka 1913 akatoa kitabu kizima juu ya mwitikio wa mimea, na mwaka 1917 akafungua taasisi yake mwenyewe jijini humo, ambayo ipo hadi leo. Kwamba hoja ya mtu anayedharauliwa ilibebwa na mmea unaokanyagwa, hilo naliacha kama lilivyo.

Halafu kuna jaribio la mtafiti Monica Gagliano na wenzake, lililochapishwa mwaka 2014. Walitengeneza kifaa cha kuangusha vyungu vya kifauongo kutoka sentimita 15 juu, vikitua kwenye sponji. Kuanguka mara ya kwanza, majani yakafumba kwa hofu. Wakaangusha tena, na tena. Baada ya mara chache mimea ikaanza kuacha kufumba; ilikwisha kuona kwamba huku kuanguka hakuumizi. Je, kama ilikuwa imechoka tu? Wakaitikisa kwa namna nyingine, ikafumba mara moja. Wakaiacha kwa siku 28, wakaiangusha tena, nayo ikabaki wazi, ilikuwa inakumbuka. Wapo wanasayansi wanaopinga kuita jambo hilo kujifunza, kwa hoja kwamba kiumbe kisicho na ubongo hakijifunzi. Nimefanya kazi na wenye ubongo, nami siioni hoja hiyo kuwa na nguvu.

Tazama pia kinachofuata hapo. Mwoga wa kweli haogopi kila kitu. Huyo ni mgonjwa. Mwoga wa kweli huhesabu: cha kuogopa anakiogopa, cha bure anakizoea. Jogoo hajafikia hapo. Maafisa usalama barabarani, wengine, hawajafikia. Kigugu cha kwenye kopo kimefika.

Watu wa Ulaya, ambako majira ya baridi hukiua kwelikweli bila mzaha, hununua mbegu zake kwenye pakiti zenye picha, wakaziotesha dirishani juu ya bomba la joto, wakaitana kuja kuona jani la kwanza. Watoto wanaonywa wasikiguse sana kisichoke. Kinachong'olewa Muheza kwa matusi kinabembelezwa London kwa bili ya umeme. Nimesikia wakulima wetu wakicheka jambo hili. Nami hucheka nao, ila huwa nafikiria bei ya pakiti.

Yupo ndugu yake mkubwa ambaye simsifu. Kitaalamu ni Mimosa pigra, kichaka chenye miiba kinachozidi urefu wa mtu mara mbili na zaidi, ambacho nacho hujikunja kikiguswa. Kimevamia mabonde ya mto Kafue, Zambia, na maeneo tambarare ya kaskazini mwa Australia, kikawafukuza wanyama na wachungaji kwenye malisho. Huyo amekua, ana mwili, ana silaha, na bado anajifanya kuzimia akiguswa. Hapo woga umekwisha, imebaki hila, na wakili mwenye kujiheshimu ana kesi anazozikataa.

Waoga wangu wa kwenye kopo wameshafika urefu wa shubiri, mashina yanaanza kuwa ya mti kwa chini na miiba imekomaa. Anayetaka mbegu asinitumie hela wala barua. Apande basi hadi Muheza, aulizie nyumba ya bibi anayeng'olewa magugu na vijana wa mjini. Bibi ameniagiza niwatangazie kwamba mbegu ni bure na uani zimejaa, sharti ni moja: kila shina utakalolivuna uondoke nalo zima, na mizizi yake, na harufu yake. Jembe haazimishi.